Mwani Uliooshwa

Kiponda, Unguja Mjini
11 Juni 1955

Kwa binti yangu Wanu,

Assalaam alaykum. Mama yako anakusalimu. Kamba za usumba ulizotuletea kwa gari la Mabrouk zimefika, na moja imekwisha fungwa kwenye ndoo ya kisimani.

Nimeamua kuchukua livu, likizo ya kazini. Usistaajabu. Katika miaka yote ya ukarani wangu sijapata kuchukua livu ila ya kuuguza au ya kuzika, na mkubwa wa afisi ameniambia kwamba ya mwaka huu nisipoichukua itapotea. Nia yangu ni kumpeleka mama yako pwani akapunge hewa. Kifua kinambana kidogo anapopanda ngazi, jambo la kawaida kwa umri wake na kwa ngazi za nyumba hii.

Nimeuliza watu. Mwenzangu wa afisini anaisifu Chukwani. Jirani yetu Bwana Mkadam ananishauri Mangapwani, kwa kuwa mchanga wake ni mzuri na mawimbi ni madogo. Nilimpa mama yako habari za kote huko. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anataka Bwejuu, kwa sababu ndiko uliko wewe na huruhusiwi kupanda gari. Hilo ni neno la haki. Mwaka juzi ulikuja mbio kwenye msiba wa bibi yako, mama yangu mimi, na mimba ikatoka kwa mshtuko na kwa ubovu wa njia. Mimi mwenyewe ndiye niliyekukataza kusafiri safari hii mpaka ujifungue. Basi ikiwa wewe huwezi kuja, tutakuja sisi.

Lakini lipo jambo la mwani. Unakumbuka siku ya arusi yako. Pwani yote ilijaa majani yanayooza, na harufu ilifika mpaka ndani ya sahani ya pilau. Mama yako hawezi kulazwa penye uvundo wa namna hiyo. Nataka unijibu kwa uwazi: ni sehemu gani ya pwani ya huko isiyo na mwani, na ni miezi gani? Nyumba ya kupanga iwe hapo, si pengine. Waulize wanaojua, usikisie.

Mimi baba yako,
Borafya bin Mcha


Bwejuu
20 Juni 1955

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni. Mume wangu Hasan akaacha randa yake akaja mbio kuniuliza nani amekufa, kwa vile nilivyokuwa nikilia. Nilipomwambia kwamba mnakuja, akacheka, akasema leo ndiyo mara ya kwanza kuona mtu anapokea wageni kwa kilio.

Nimewauliza wazee, na wanawake wanaoshuka pwani kila maji yakitoka. Wote jibu lao ni moja. Upepo wa kusi ukivuma, mwani hung'oka huko kwenye mwamba ukaletwa ufukweni. Maji ya bamvua huusukuma juu kabisa, mpaka kwenye mizizi ya minazi, kisha maji mafu huuacha hapo hapo ukaoza kwa jua. Mwekundu tunauanika tukauza, lakini mwingi hauna mnunuzi. Anayetaka kuuepuka ana njia mbili. Ya kwanza ni kuchagua mahali. Kaskazini ya kijiji pwani imenyooka na mkondo unapita kwa nguvu, kwa hiyo mwani haukai sana. Hapa mbele ya nyumba yetu pwani imejikunja, na ndipo unapolundikana. Ya pili ni kuchagua wakati. Kaskazi ikianza, pwani yote inakuwa nyeupe, na mtu hutembea asikanyage hata jani.

Kwa hiyo ningependa mje Desemba. Nikwambie kweli, Baba, na uniwie radhi. Siku ya arusi ulitoa leso ukaziba pua tangu gari lilipofika mpaka mlipoondoka. Huku hawajasahau. Wanakuita Bwana Leso. Wifi yangu Mwatum akitaka kunichokoza hujiziba pua kwa ukingo wa kanga, akaniuliza, "Baba'ko hajambo?" Mimi ninacheka nao, maana ni utani, lakini mkwe wangu, mama yake Hasan, hacheki. Yeye ndiye aliyepika ile pilau. Nataka safari hii mje pwani ikiwa safi, pasiwe na mtu wa kusema neno.

Najua Mama naye hapendi uvundo huu, ingawa alizaliwa huku. Nakumbuka alivyokuwa akifukiza udi kila jamaa zake wa Bwejuu walipotoka nyumbani kwetu.

Na Desemba mtoto atakuwa ameshazaliwa, inshallah. Mama atampakata.

Mwanao,
Wanu


Kiponda
27 Juni 1955

Ndugu yangu Masoud,

Salamu nyingi kwako na kwa jamaa wote wa Wete. Ninakuandikia wewe yale niliyoshindwa kumwandikia Wanu.

Daktari aliniita kando. Moyo wa shemeji yako umepanuka, na maji yameanza kuingia mapafuni. Dawa ya kumpunguzia ipo, ya kumponya hakuna. Nilimuuliza muda. Akasema huenda akaenda mwaka, huenda usifike, na kwamba nimpeleke anakopenda.

Mwanakheri mwenyewe anajua. Hakulia. Alichofanya ni kuniapisha kwamba Wanu asiambiwe. Mkunga wa Bwejuu amesema mimba hii ina uzito kama ile ya kwanza, mama asishtuliwe na asipande gari. Shemeji yako akaniambia, "Mie nshakula chumvi ya kutosha. Mwanangu asipoteze mtoto wa pili kwa ajili yangu." Nikaapa. Unajua kwamba nikiapa nimeapa.

Anachotaka ni kimoja, nacho ni kumwona binti yake kabla siku zake hazijaisha. Kwa hiyo nimelifikiri jambo hili kwa makini. Nikimpeleka sasa, atafikia kwenye mwani unaooza, na mtu ambaye pumzi zake ni za kuhesabu nitamlaza penye hewa mbovu. Huko ni kumharakisha. Wanu naye ameniandikia kwamba pwani haitakuwa safi mpaka kaskazi, na wakati huo mtoto atakuwa amezaliwa. Nimekwisha mwomba mkubwa wa afisi aihamishe livu yangu mpaka Desemba. Amekubali.

Nilipomwambia shemeji yako, alisema, "Desemba mbali, Bwana." Nikamweleza habari ya kusi na kaskazi, na mahali mwani unapokaa na pale usipokaa.  Kisha akasema, "Haya."

Tuombee dua.

Nduguyo,
Borafya


Kiponda
15 Julai 1955

Mwanangu Wanu,

Nimeandika kwa mkono wangu, usiucheke mwandiko. Baba yako yuko kazini. Mimi sijambo, kifua tu, na ngazi hizi. Usijishughulishe nami, jishughulishe na tumbo lako. Ule papai na usiinamie sana kupiga makumbi, mwachie Mwatum.

Nasikia mwaka huu mwani ni mwingi. Umefika mpaka kwenye minazi ya marehemu babu yako? Tulipokuwa wadogo ulikuwa ukifika hapo, tukiruka juu yake kama godoro, na mama anatufukuza na ufagio kwa jinsi tulivyorudi tukinuka. Niambie kama watoto wa siku hizi bado wanaruka.

Nina haja ndogo. Asumini yangu ya chunguni juu ya dari imedhoofu, na bibi yako wa Bwejuu alikuwa akitia mwani kwenye mmea wake. Niletee pakacha moja kwa gari la Mabrouk. Chukua ule wa ukingoni, uliokwisha lala usiku mmoja. Usichague sana, uzoe tu kama ulivyo.

Baba yako amesema Desemba, na Desemba itafika. Wewe tulia.

Mama yako


Bwejuu
2 Agosti 1955

Mama yangu,

Shikamoo. Pakacha lako hili hapa, nimempa Mabrouk mkononi. Mwanzo alikataa. Alisema abiria watamshusha yeye mwenyewe garini. Nikamwambia anuse kwanza. Akanusa, akanusa tena, akasema, "Huu si mwani, haya majani ya chai."

Najua ulisema niuzoe kama ulivyo, lakini nilimfikiria Baba. Angesikia uvundo ule unapanda ngazi, asumini yako ingetupwa mtaani pamoja na chungu chake. Basi nimeuosha kwa maji ya kisima, nikaubadilishia maji kila siku, na Mwatum akanisaidia kuuanika juu ya jamvi. Ulipokauka nimeukunguta ukatoka mchanga na chumvi. Sasa hauna harufu hata kidogo. Baba akiuliza mwambie ni mbolea.

Ndiyo, umefika mpaka kwenye minazi ya babu. Watoto wanaruka. Jana niliwatazama nikatamani na mimi, nikalikumbuka tumbo langu.

Nyumba nimekwisha pata. Ni ya Bi Mwanamkasi, kule kaskazini pwani iliponyooka. Ina ukumbi na kisima chake, na dirisha la chumba linatazama bahari. Nimemwambia mgonjwa wangu ni wa ngazi tu, huku hakuna ngazi, atapona siku ya kwanza. Ninakusukia mkeka mpya wa kulalia mchana.

Mama, Baba akija Desemba, ile leso iache nyumbani. Mfichie.

Mwanao,
Wanu


Kiponda
23 Agosti 1955

Ndugu yangu Masoud,

Simu yako ya rambirambi nimeipata. Ninajua kwamba chombo hakikupatikana, na sikulaumu. Lakini wewe ndiye pekee ninayeweza kumweleza namna ilivyokuwa.

Wanu alimletea mama yake pakacha la mwani. Mwanakheri alikuwa ameuagiza, akisema ni mbolea ya asumini. Nililipandisha mwenyewe. Wakati huo hakuwa anaondoka tena kitandani. Aliliweka mapajani, akalifungua, akaingiza uso wake wote ndani. Akakaa hivyo. Alipoinua uso akasema, "Umeoshwa."

Nikasema binti yetu amefanya vyema, maana vinginevyo nyumba isingekalika. Hapo akaniuliza kama iko siku hata moja aliyoniambia kwamba mwani unamnukia vibaya. Nilifikiri. Haikuwako. Nikamkumbusha udi aliokuwa akifukiza jamaa zake wakiondoka.

Akasema, "Udi nlikuwa nkifukiza kwa ajili yako, Bwana. Mimi ile ndo harufu ya kwetu."

Masoud, nilimwoa msichana mdogo, nikakaa naye mpaka mvi zikatutoka sote wawili. Nilimchagulia pwani, mahali, na mwezi. Sikumuuliza.

Asubuhi nilikodi gari ili nimpeleke siku ile ile. Tulijaribu kumteremsha, mimi na Mkadam na wanawe. Hatukufika hata pale ngazi inapokata kona, tukamrudisha. Basi nikaenda peke yangu. Nilipofika Bwejuu ndipo nilipotambua kwamba sikuchukua pakacha wala ndoo. Nilikuwa na leso yangu. Niliitandaza mchangani nikazoa mwani wa ukingoni, mbichi, unaotoka maji, na chini yake ule uliooza. Wanawake waliokuwa wakirudi kutoka pwani walisimama kunitazama. Sikuwasalimu, na hilo ni kosa.

Nyumba ya Wanu ilikuwa karibu. Niliona mlango uko wazi na nikasikia randa ya mkwe wangu Hasan. Sikuingia. Nilikuwa nimeapa, na angeniona uso wangu angejua.

Njiani dereva alishusha vioo vyote, akaniuliza, "Mzee, huyo samaki wako kafa lini?" Niliupakata mpaka Kiponda.

Nilipomwekea kifuani aliushika kwa mikono miwili, leso na vyote. Maji yakaingia kwenye kanga yake. Akavuta pumzi, ile pumzi fupi aliyokuwa nayo, akavuta tena. Kisha akafumbua macho akaniuliza, "Umemwona Wanu?"

Nikasema nimemwona.

Akaniuliza tumbo limekaaje, amevaa kanga gani, amenenepa au amekonda. Nikajibu yote. Sikuwa nimepata kusema uongo ndani ya nyumba hii, na siku ile nilisema mwingi, na kila nilipotaka kunyamaza aliniuliza jingine. Akasema, "Basi vyema." Hakuuliza tena. Kesho yake, baada ya Adhuhuri, akafariki.

Hasan alikuja kuzika. Kwa mkewe alisema anakwenda kununua misumari. Yeye na watu wake, na Bwejuu yote, wamekubaliana kufunga midomo mpaka Wanu ajifungue. Nami nimefunga wangu.

Nduguyo,
Borafya


Bwejuu
1 Septemba 1955

Baba yangu,

Shikamoo. Ninakuuliza jambo, na ninaomba usikasirike.

Mwatum alisema alikuona pwani. Alisema umepiga magoti mchangani, katika kanzu yako ya afisini, unazoa mwani kwa leso. Mwanzo nilidhani ni utani wake, nikacheka. Alipoapa nikamwambia ni muongo. Nilimwambia baba yangu hawezi kufika Bwejuu akapita mlangoni pangu asiingie hata kunijulia hali. Tukagombana mpaka mkwe wangu akatuamua. Sasa sijui nani anayesema kweli, kwa sababu tangu wiki ile Mwatum hajiachii. Hajizibi pua tena kwa kanga. Hakuna anayeniuliza "Baba'ko hajambo." Wamekuwa wapole kwangu wote, mkwe wangu ananichotea maji, na nikiingia mahali wanakata mazungumzo. Nadhani wanaona haya kwa niaba yangu, kwamba baba yangu alikuja akanipita.

Hasan naye alikwenda mjini kununua misumari akarudi hana misumari. Nilipomuuliza kama amefika Kiponda, akasema wote mnanisalimu, akatoka nje.

Na Mama mbona haandiki? Hakuniambia kama pakacha lilifika. Au alichukia kwamba niliuosha?

Ikiwa nimekukosea kwa lile neno la leso, Baba, nisamehe. Lakini usinipite mlangoni.

Mwanao,
Wanu


Kiponda
9 Septemba 1955

Kwa binti yangu Wanu,

Mwatum si muongo. Nilikuja. Mwombe radhi, na uniombee radhi na mimi, kwa kuwa niliwapita wanawake wa watu bila ya salamu.

Sikukupita kwa hasira. Hujanikosea neno lolote, wala la leso wala jingine. Ilinipasa kurudi mjini haraka, na sababu yake nitakueleza mbele yako, uso kwa uso.

Pakacha lilifika. Mama yako alilifungua mwenyewe na hakukuchukia. Kwa sasa haandiki. Amepumzika, na kifua hakimbani tena. Asumini yake ninaimwagilia mimi.

Kula vizuri. Msikilize mkunga.

Baba yako,
Borafya


Bwejuu
18 Oktoba 1955

Mama yangu,

Shikamoo. Baba ameniandikia kwamba kifua hakikubani tena. Siku ile nililala usingizi ambao sijaulala mwezi mzima. Basi pumzika, usiandike, mimi nitaandika kwa ajili yetu wawili.

Upepo umeanza kugeuka. Mwani unapungua. Bamvua hii iliyopita imeuchukua ule wa mbele ya nyumba karibu wote, na ule wa kwenye minazi ya babu umekuwa mkavu kama karatasi, watoto hawauruki tena. Kule kwa Bi Mwanamkasi mchanga umeshakuwa mweupe. Nilikwenda jana taratibu na mkongojo, nikakaa pale kwenye dirisha utakapokaa wewe, nikautazama wote mpaka mwisho. Utapenda.

Mkeka umekwisha. Nimeacha ncha moja sijaifunga. Nitaifunga ukishaulalia, nione kama unatosha.

Jina la mtoto nimekuachia wewe. Wakiniuliza ninawaambia mwenye jina yuko njiani.

Mwanao,
Wanu


Bwejuu
27 Novemba 1955

Baba,

Nimejifungua mtoto wa kike. Ni mzima. Mimi pia ni mzima.

Siku ya saba walinyoa nywele zake. Nilikuwa nimewaambia kwamba jina lisubiri mpaka Mama aje. Mkwe wangu akamchukua mtoto, mzee wa msikitini akamwadhinia, kisha mkwe wangu akasema mwenyewe kwa sauti ya chini, "Mtoto huyu ni Mwanakheri."

Nikadhani amesahau. Nikamwambia, "Mama, nyumba hii si hampi mtoto jina la mzee aliye hai?" Yeye ndiye aliyenifunza hivyo, siku nilipotaka kumwita mtoto wa Mwatum kwa jina la mkwe wangu mwenyewe.  Aliinama akaanza kumfunga mtoto kitambaa ambacho kilikuwa kimekwisha fungwa. Nikamtazama Mwatum, naye akatazama ukutani. 

Hivyo ndivyo nilivyojua.

Hasan amenieleza mengine. Simlaumu, wala wewe sikulaumu, najua kwa nini. Mtoto ni mzima na nimemshika mikononi, na Mama ndivyo alivyotaka. Lakini nilimwandikia barua, Baba. Nilimweleza habari ya mkeka. Aliyekuwa akiisoma ni nani?

Na nilimwoshea mwani wake. Mwatum ameniambia sasa kile ulichokizoa kwa leso kilikuwa cha nani. Mama alitaka harufu ya kwao, mimi nikaikunguta ikatoka, nikajisifu.

Nijibu jambo moja tu. Ulipomfikishia ule wa leso, alikuwa hai?

Leo asubuhi nimetoka mlangoni kwa mara ya kwanza. Pwani ni nyeupe toka huku mpaka kule. Hakuna hata jani.

Wanu


Kiponda
5 Desemba 1955

Kwa binti yangu Wanu,

Alikuwa hai. Aliushika kwa mikono miwili, akaunusa mpaka akatosheka. Uso wake ulikuwa kama uso wa mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Wewe ulimwoshea mwani kwa ajili yangu, kama yeye alivyofukiza udi kwa ajili yangu. Wote wawili mlikuwa mkiitunza pua moja. Usijilaumu kwa hilo.

Barua ya Oktoba niliisoma mimi. Niliisoma kwa sauti katika chumba chake, kwa kuwa iliandikwa kwake na si kwangu.

Sasa nikueleze nililoahidi kukueleza uso kwa uso, kwa maana siwezi kulibeba zaidi. Aliniuliza kama nimekuona, nikamwambia nimekuona. Nilimwambia ulikuwa umesimama mlangoni, umevaa kanga ya mkorosho nyekundu, tumbo limekaa juu, miguu imevimba kidogo lakini si ya kutisha. Nilimwambia uliponiona uliniamkia, ukacheka, ukaniuliza ile leso nimeiacha wapi. Hapo yeye akacheka. Ndiyo mara ya mwisho aliyocheka. Nilikuwa nimekupita mlangoni, Wanu, na yote hayo niliyatunga nikiwa nimesimama mbele yake. Kama ungalikuwa umesimama hapo kweli, ungalikuwa umevaa kanga gani? Niambie, nijue nilikosea kiasi gani.

Arobaini yako ikiisha, Hasan atakuleta na mtoto. Sikuzuii safari tena. Utakaa chumbani kwa mama yako. Asumini imechipua, na mwani wako uliokauka upo chini yake.

Livu ya Desemba nimeirudisha afisini. Mkubwa wa afisi alishangaa. Nimeomba ya mwaka ujao iwe Juni, naye amekubali. Mwambie Bi Mwanamkasi nyumba yake ni nzuri lakini sitaihitaji. Nitafikia kwenu, pale pwani ilipojikunja. Ule mkeka usiufunge ncha, nitaukalia hivyo hivyo. Na mwani ukifika kwenye minazi ya babu yako, asiuondoe mtu.

Leso sijaifua. Iko chini ya mto wake.

Msalimie Mwatum. Na mkwe wako, ikiwa ataniridhia, ninamwomba siku hiyo anipikie pilau.

Baba yako,
Borafya